Programu Isiyo na Mwenyewe

Mwaka wa 1997 Tobias Owiti aligundua kwamba karibu kila koleji ya kompyuta Eastlands, Nairobi, ilifundishia programu za wizi. Mtu mwingine angesikitika. Yeye alinunua tai.

Kazi yenyewe haikuwa na jasho. Aliingia na faili kwapani, akajitambulisha kuwa inspekta wa haki miliki, akaomba kuona risiti. Risiti hazikuwapo, kila mwenye koleji alikuwa amenakili disketi za mwenzake. Owiti alinyamaza kwa huzuni ya kiserikali, akataja mahakama, kisha akaeleza kwamba faini ndogo ingeweza kumaliza mambo papo hapo. Makokha, mwenye koleji mtaani Jericho, alilipa na kumnunulia soda juu ya hayo.

Faini zote aliziweka akiba. Alitaka kuacha ujanja afungue duka mtaani Donholm, duka halali lenye jina lake juu ya mlango. Koleji moja zaidi, na pesa ya kumpa mwenye jengo ingetimia.

Koleji hiyo ilikuwa ya Lorine Khalayi, aliyekuwa karani wa reli kabla ya kupunguzwa kazi.

"Karibu, Inspekta," alisema Khalayi. "Risiti sina."

"Hiyo ni habari mbaya, madam."

"Sina kwa sababu sikununua. Programu zangu ni za bure."

"Hakuna programu ya bure. Kuna ya kuibwa."

"Hizi walioziandika wametoa leseni. Kila mtu atumie, anakili, abadilishe, hata auze. Soma mwenyewe."

Owiti alisoma ukurasa wa Kiingereza cha mawakili na kuelewa viunganishi.

"Hao wenyewe wako wapi?"

"Wengine Ufini, wengine Marekani. Mmoja nadhani yuko Australia."

"Wana wakala Nairobi?"

"Hawana wakala popote."

Katika Nairobi ya miaka hiyo, uwanja wa watoto uliweza kulala wazi ukaamka umezungushiwa mabati, na mwenye mabati akawa na barua yenye mihuri. Owiti aliwahi kuona hayo, akajilaumu kwa kuchelewa. Sasa hapa palikuwa na kitu kizuri, kinachotumiwa na watu, wenyewe wako ng'ambo, na hakuna hata kigingi. Aliketi bila kukaribishwa.

"Hapa Eastlands nani ameshaichukua?"

"Kuichukua vipi?"

"Kuimiliki, madam. Nani aliileta kwanza?"

"Nadhani ni mimi."

"Basi niuzie."

"Nikuuzie nakala?"

"Nakala, haki, kila kitu. Mambo ya nusunusu sitaki."

"Na maandishi ya mafundi? Yale ya ndani, ambayo makampuni mengine hufungia kabatini?"

Owiti hakujua kama yapo. "Hasa hayo."

"Haki zote nilizo nazo mimi utazipata. Hilo naweza kuapa kanisani."

"Hutaficha hata moja?"

"Hata moja."

Khalayi alitaja bei kubwa. Owiti, ambaye hakuamini kitu cha bei ndogo, alitulia. Alipiga hesabu ya kodi ambayo kila koleji ingemlipa mwezi baada ya mwezi, akaona duka la Donholm likiota ghorofa. Siku iliyofuata alileta akiba yote, akaondoka na sidii moja kwenye bahasha.

Alianzia kwa Makokha, ambaye tangu faini ile alikuwa amefuta programu za wizi na kuweka zile za Khalayi.

"Kuanzia mwezi huu utanilipa kodi," Owiti alimwambia. "Hiyo programu ni yangu."

"Buda, juzi ulikuwa inspekta, leo umekuwa landlodi?" Makokha hakuacha hata kuchapa. "Hii nilipewa bure, na leseni inasema hakuna wa kunifungia. Si Khalayi, si wewe."

Koleji ya pili ilimjibu vivyo hivyo. Ya tatu ilimpa nakala nyingine, ya akiba. Owiti alirudi kwa Khalayi tai ikiwa imelegea.

"Umeniuzia kitu cha bure."

"Nilikwambia ni cha bure kabla hujaketi."

"Umenitapeli, mama."

"Leseni inaniruhusu kuuza nakala kwa bei yoyote. Iko kwenye ukurasa uliousoma. Haki nilizo nazo nilikupa zote. Ni zilezile alizo nazo kila mtu."

"Twende polisi."

"Twende. Utajitambulisha kama nani?"

Owiti alikaza tai, kisha akailegeza tena.

"Uliwatoza watu kwa kukosa risiti," Khalayi aliendelea, "na wewe mwenyewe hukutoa hata moja. Makokha aliponisimulia, nilianza kukusubiri."

"Pesa zangu ziko wapi?"

"Faini zao, unamaanisha. Makokha amechukua yake. Wengine wanapita jioni."

Owiti aliitoa sidii kwenye bahasha, akaigeuza, akaitazama upande uliong'aa.

"Kwa hiyo mimi nina nini?"

"Una haki ya kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kuiuza. Bei panga mwenyewe."

"Na nani atainunua kwangu?"

Khalayi alilipima swali bila kucheka.

"Subiri inspekta mwingine," alisema.