Moshi wa Kumsaidia Rubani

Jumatatu, 12 Septemba 1949
Bwana Kosta, Mgiriki anayerusha ndege ya shamba la mkonge, atapimwa urubani wake Jumamosi. Hajaruka tangu avunjike mguu wakati wa masika. Mkaguzi anatoka Dar es Salaam. Akishindwa, mwenye shamba atauza ndege. Akifaulu, kaahidi kunirusha mpaka juu ya Kilwa Kisiwani. Mimi! Ile ndege nimeisugua likizo nzima. Nimeazima kitabu chake cha urubani. Kiingereza kigumu, lakini michoro inaeleweka.

Jumatano, 14 Septemba
Nimemwuliza maswali ya kitabuni huku akila muhogo. Kajibu yote isipokuwa la upepo. Kasema upepo haukaririwi. Nimeingiwa na hofu. Kile kifuko cha kitambaa kinachoonyesha upepo uwanjani kimeoza. Kitabu kinasema rubani aweza kutazama moshi. Moshi! Nimemdokezea Abilahi, ninayekaa naye dawati moja. Kacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Kaniita Profesa Moshi. Wivu mtupu.

Ijumaa, 16 Septemba
Nimerundika nyasi kavu kando ya uwanja. Juu yake majani mabichi, moshi uwe mzito. Mama kauliza nimetoka wapi na makapi kichwani. Nimesema masomo.

Jumamosi, 17 Septemba
Heri ningelala. Moshi ulipanda vizuri mno. Nilisahau kwamba ni Septemba, na mwezi huu moshi una maana moja kwetu: mtu anachoma pori, ndezi, wale panya wakubwa wenye nyama tamu, watatoka. Kijiji kizima kikaja na mbwa, nyavu na marungu. Abilahi mbele. Upande wangu hakukuwa na ndezi, basi wakakatiza uwanja kwenda upande wa pili. Ndege ndiyo inashuka! Bwana Kosta akainyanyua, ikapita juu ya mbwa. Mara ya pili ikatua kwa kurukaruka kama chura, ikaishia ndani ya mkonge. Hakuna aliyeumia. Mkaguzi alishuka akifuta miwani. Kasema atarudi mwezi ujao. Mwenye shamba kasema hiyo ndiyo nafasi ya mwisho.

Nilimkuta Bwana Kosta ameegemea gurudumu.

“Ule moshi ni wako, Nikodemo?”

Nikasema ndiyo, wa kumwonyesha upepo. Akaupapasa mguu wake.

“Upepo nilishauona kwenye minazi, kijana wangu.”

Afadhali angenizaba kofi.

Jumapili, 18 Septemba
Sikula. Kwenye misa Padre alipotaja toba nilitazama sakafu. Najuta, najuta kweli. Sitawasha moto tena karibu na ndege. Lakini nimefikiri sana njiani. Tatizo ni kwamba watu hawakuonywa. Kwa hiyo jioni nimekwenda kwa Mzee Likwata, mpiga ngoma wa harusi za kijiji, kuazima ngoma yake kubwa. Mkaguzi akirudi, nitasimama kando ya uwanja niipige kwa nguvu zangu zote, ili kijiji kizima kijue kwamba siku hiyo haruhusiwi mtu kuja.