Msafara Nyuma Yangu

Jumamosi, 11 Januari

Leo nyota yangu imewaka! Sir Aiman, mwenye hoteli yetu hapa Al Muraqqabat, Dubai, ametuita ofisini sisi madereva wake wawili, mimi na Rispah. Anasema kila wikendi huenda peke yake uwanja wa mbio kujifunza kulimudu gari lake la kasi, na amechoka upweke. Anataka msaidizi wa kulipasha moto, kulizungusha uwanjani na kujifunza naye msimu mzima. Tutapimwa kesho, kisha Jumamosi ijayo. Mshindi atapewa kazi ya gari la kasi. Mwingine atabaki na gari la dobi. Mashuka mpaka uzee!

Rispah ni mwanamke mpole wa Nyamira. Huendesha kama amebeba trei za mayai. Mimi nimeendesha lori la viazi kutoka Molo, nimepanda milima ya Timboroa kwenye ukungu, breki zikinuka. Kazi ni yangu.

Nimenunua glavu nyeusi zisizo na vidole. Nimempigia mama, nimemwambia mwanawe ni dereva wa mbio. Kesho atatangaza kanisani. Sasa lazima nishinde.

Jumapili, 12 Januari

Kuna kiwanja kimemwagiwa maji makusudi ili magari yateleze. Kwetu watu huomba Mungu wasiteleze. Hapa wanapanga foleni!

Nilikuwa na mpango. Kabla mtu hajafika nilijaza upepo tairi za nyuma za gari dogo alilopangiwa Rispah. Zikawa ngumu kama jiwe. Nikajua akigusa usukani tu, matako ya gari yatamtangulia.

Nilianza mimi. Nilizunguka kama pia. Nikarudia, nikazunguka upande wa pili. Mwalimu Jeremy, Mwingereza mrefu asiyejua kukasirika, akasema nilikuwa naikodolea macho koni niliyoogopa kuigonga, na gari huenda yanakoenda macho. Nikamjibu kwamba koni ndiyo iliyoanza kunikodolea.

Akaja Rispah. Gari likaserereka papo hapo, nikafumba macho kwa raha. Kufumbua, gari limenyooka. Likaserereka tena, akalirudisha tena. Hakupigana nalo. Kichwa chake kilikuwa kimegeukia mbali, kule anakotaka kwenda, na mikono ilifuata polepole kama ya mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kikifanywa na tairi za aina ile.

Jeremy akazikagua. Akacheka. Akasema ni mbinu ya zamani ya ukufunzi, kujaza upepo nyuma ili gari liteleze kwa wepesi, na kwamba Rispah amejifunza kwa asubuhi moja mambo ambayo wengine huyatafuta mwezi mzima. Akauliza nani mwenye akili hii. Sir akapiga makofi.

Ubunifu wangu wa kwanza kusifiwa Dubai, na siwezi kuudai!

Jumatano, 15 Januari

Upelelezi. Nimejifanya naumwa mgongo ili Rispah aendeshe gari la dobi nami nikae pembeni, nimwibie siri.

Nyuma kuna bomba la kutundikia mashati ya wageni yaliyopigwa pasi. Nikiendesha mimi, mashati hucheza ngoma na mengine huanguka. Leo hayakutikisika. Kona baada ya kona, mashati yametulia kama waumini.

Nikamuuliza kwa ujanja, kwa kuzungukazunguka. Akanieleza yote bila hata kusita. Vunja mwendo mapema, magurudumu yakiwa bado yamenyooka. Achia breki taratibu. Ndipo ukate kona. Usilishtue gari, nalo halitakushtua. Akasema alianza kujifunza hivyo kwa sababu alichoka kupiga pasi upya.

Nani humgawia mpinzani wake siri? Niliona haya. Niliona haya kwa dhati, kuanzia hotelini hadi tulipoingia mtaa wa Al Mankhool. Hapo nikakumbuka kanisa la mama kule Molo.

Jumamosi, 18 Januari

Siku yenyewe. Naandika nikiwa nimekaa juu ya furushi la mashuka.

Asubuhi uwanjani madereva wote waliitwa ndani kusikiliza maelezo ya usalama. Maelezo! Wakati wao wanasikiliza, mimi nilibaki nje nang'arisha rimu za gari la sir ili aone bidii yangu. Rispah alipotoka akauliza kama anieleze yaliyosemwa, hasa habari ya taa. Nikamwambia mtu aliyepanda Timboroa na lori la viazi hafundishwi ishara za taa.

Tukaingia, kila mtu peke yake kwenye gari alilopangiwa. Mwanzo mzuri mno! Nilivunja mwendo mapema, nikaachia taratibu, nikatazama mbali. Gari likakata kona kwa utamu mpaka nikacheka peke yangu ndani ya helmeti. Kumbe Rispah anasema kweli.

Kisha nikamfikia mzee mmoja wa gari jekundu, anaenda kama anatafuta anwani. Akawasha indiketa ya kulia. Kila dereva wa kwetu anajua maana yake: usinipite, kuna gari linakuja mbele. Mzee muungwana! Nikatulia nyuma yake. Kila nilipotaka kumpita, kulia tena. Nikamshukuru kwa honi.

Nyuma yangu magari yakaanza kujaa. Nami sina roho mbaya. Nikawasha indiketa ya kushoto, yaani piteni, barabara ni nyeupe. Hakupita mtu. Nikaiacha inawaka. Foleni ikarefuka kama msafara wa harusi. Aliyenifuata kabisa alikuwa sir mwenyewe. Akaniwashia taa kubwa, mara nyingi, kwa hasira. Kwetu taa kubwa ni habari kwamba kuna polisi mbele. Nikapunguza mwendo.

Wakasimamisha kila kitu kwa bendera nyekundu.

Sir alikuja mbio, helmeti mkononi. "Khalas, Boaz! Yalla, shuka!" Jeremy akanieleza kwa upole. Hapa taa ya kulia maana yake nimekuona, nabaki kulia, nipite kushoto. Anayewasha ya kushoto anasema anahamia kushoto, na hakuna anayethubutu kumpita. Halafu akauliza, bila kejeli, hilo gari linalokuja mbele lingetoka wapi, na uwanja unazungukwa upande mmoja tu.

Nikavua glavu zangu.

Kazi amepewa Rispah. Nililia kidogo. Si vumbi, ni kulia.

Mchana akamwomba sir ruhusa anipakie raundi moja. Nilitaka kukataa. Nashukuru sikukataa. Gari lile linanguruma kama mvua juu ya mabati, lakini ndani, karibu na mikono yake, kulikuwa na utulivu mtupu. Kila kona ilifunguka kama imemngoja yeye. Mashati ya wageni yangeweza kutundikwa pale nyuma! Kifua kilinijaa. Nilisahau kwamba nimeshindwa, nikapiga kelele za furaha.

Tuliposhuka akavua helmeti, akanitazama. "Boaz wewe, asante kwa ule upepo. Bila huo singeweza."

Alijua! Tangu siku ile alijua, na bado siri ya mashati akanieleza. Huyu dada ni mtu mkubwa.

Jumapili, 19 Januari

Fundi mmoja wa uwanjani amenitumia picha ya jana. Mimi mbele, magari yote ya kifahari ya Dubai yamejipanga nyuma yangu. Nimekiondoa kipande chenye gari jekundu lililonitangulia, nikamtumia mama iliyobaki. Mchungaji ameionyesha kanisani. Wamesimama wote, wamepiga vigelegele. Sikumdanganya mtu, picha ndiyo imesema.

Rispah amepita nilipokuwa napakia mashuka. Jumamosi ijayo wanampima mwendo na madereva wa matajiri wengine, na akishinda wanamwandikisha kozi ya ukufunzi. Amesema niende nikamtazame, lakini safari hii niingie ndani mapema nisikilize maelezo ya usalama mpaka mwisho. Nimemwahidi kwa moyo wote. Nataka ashinde kuliko nilivyotaka kushinda mwenyewe.

Ndiyo maana nimefikiri sana. Wakati wa maelezo watu wote watakuwa ndani. Gari lake litakuwa nje peke yake. Pampu ninayo. Upepo ulimfaa mara ya kwanza, na safari hii nitamjazia zote nne.