Siku Kompyuta Ilipoishiwa Mikebe

Leo nimeaibika, jamani. Sijui kesho nitaingia kazini kwa uso gani.

Mnajua mwaka mzima nimekuwa kibarua tu kule Viwandani. Juzi bosi akaniambia, "Mutua, ukiifanya kompyuta ya ofisini isemezane na ya stoo, nakuandika kazi." Nikarudi nyumbani Umoja nikawatangazia wapangaji wa ploti nzima (mdomo huu!).

Niliandika sehemu moja ya programu kuu inayoendesha kompyuta ya ofisini. Ujumbe kutoka stoo huja vipandevipande. Kila kipande hutiwa katika nafasi yake ya kumbukumbu, sisi tunaiita mkebe. Kikishasomwa, mkebe unarudishwa ili kipande kingine kipate pa kukaa. Mikebe ni sitini na minne, basi.

Leo saa nne wageni wa bosi wakaketi kutazama. Mimi na tai (ya kuazima). Stoo wakauliza, tukajibu. Makofi! Nikaanza hata kueleza kwa Kizungu.

Bosi akawapigia simu stoo: "Sasa tumeni mfululizo, msingoje jibu."

Jumbe zikaja, zikaja, kisha kimya. Mashine imeganda. Nikabonyeza kila kitu. Nikaipiga kofi (ndiyo, mbele ya wageni).

Bi Njeri, fundi wetu mkuu, akavuta karatasi zangu za programu akasoma kwa kidole.

"Mutua, hapa mkebe unarudishwa kukiwa na jibu la kutia ndani."

"Ndiyo."

"Na kusipokuwa na jibu?"

"Unangoja."

"Unangoja nini? Mikebe yote umeikalia wewe! Si ungeurudisha mtupu?"

Hapo ningenyamaza. Lakini maneno yakanitoka: "Mama alitufunza chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea githeri, bakuli linarudi na kitu, hata ndizi moja."

Wee! Kicheko! Mgeni mmoja alifuta machozi kwa leso. Bi Njeri akalala juu ya meza. Nilitamani ardhi inimeze na tai yangu.

Bosi peke yake hakucheka. Akatoa bahasha kotini, akaitazama, akairudisha. "Barua yako ya kazi ilikuwa hii. Nayo ingoje, mpaka uwe na kitu cha kunirudishia."

Nimeshatengeneza. Ulikuwa mstari mmoja tu. Mmoja! Nimeuandika peke yangu, watu wakienda chakula cha mchana, kwa sababu sikuweza kumtazama mtu machoni.

Chekeni basi, lakini mama asisikie. Atakuja kumuuliza bosi amelelewa wapi.