Nyuzi Mpya za Gitaa la Marehemu

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeamka na uzito moyoni. Jumapili ni misa ya mwaka mmoja tangu Mzee Gaspar atutoke. Mpiga besi wa kwaya yetu hapa Shanwe, Mpanda, mwalimu wangu. Gitaa lake ninalo kwa kuazimwa tu. Mjane wake, Mama Immaculata, amesema atalisikiliza misani, kisha ataamua: libaki kwangu au apewe Telesfori. Telesfori! Mtu wa kinanda! Mikono yote miwili ina kazi tayari.

Nyuzi zina kutu. Mama Immaculata kaniagiza nizifute kwa kitambaa na tone la mafuta ya taa, basi. Nimeitikia ndiyo, mama. Halafu nimempigia Denis, muuza vyombo vya muziki kule Dar es Salaam.

Denis akauliza gitaa lina urefu gani, kutoka darajani, pale nyuzi zinapoegemea chini, hadi shingo inapoishia juu. Inchi thelathini. Akasema ahaa, hiyo ni besi fupi, nyuzi zake zipo, nisije nikachukua nyingine zikanisumbua. Fupi! Nilivyolisikia hilo neno, niliona aibu kwa niaba ya marehemu. Nikamwambia samahani, nimepima vibaya, ni thelathini na nne.

Jumatano, 10 Septemba

Mzigo wa Denis bado uko njiani. Nimezitoa nyuzi za zamani ili gitaa lipumue. Nimezikata kwa koleo, moja moja, huku nikiimba taratibu wimbo wa mazishi. Telesfori kachungulia dirishani, kauliza kama niko sawa kichwani. Wivu huo.

Ijumaa, 12 Septemba

Zimefika! Zinang'aa! Na ni ndefu hasa. Ncha nyembamba imepita mbali, sehemu nene ndiyo imefika kwenye ufunguo wa kukazia, na tundu halitaki kuipokea. Nimempigia Denis. Akaniuliza tena zile inchi. Nikamwambia mtandao unakatika.

Kabla haujakatika alisema nikilazimika kupunguza uzi, niupinde kwanza ndipo nikate. Nimekata kwanza. Kupinda nilikusudia baadaye.

Jumamosi, 13 Septemba

Nyuzi mbili nene zimekufa. Waya uliozizunguka umefumuka pale nilipokata. Ukizigusa zinatikisika tu, sauti hakuna. Mbili nyembamba zimeshika. Nimesali rozari nzima.

Jioni nimemshauri Telesfori apumzike kesho, maana macho yake ni mekundu, huenda anaumwa. Kasema ni vumbi la Mpanda.

Jumapili, 14 Septemba

Nimepiga kwa nyuzi mbili. Wakati wa komunyo Telesfori akapunguza kinanda, nadhani ili aibu yangu isikike vizuri. Gitaa likabaki karibu peke yake, polepole, noti chache. Mama Immaculata akainamisha kichwa, akalia. Nami nikalia. Nilimkumbuka mzee alivyokuwa akinishika vidole, akiviweka pa kubonyeza, bila kuchoka na ugumu wangu.

Nje ya kanisa Mama akanishika mkono. Akasema mume wake naye hakuwa mtu wa noti nyingi, aliacha nafasi watu waimbe. Leo kamsikia. Gitaa ni langu. Ana ombi moja tu: nilitunze kama lilivyo, kwa sababu mzee hakuacha kingine chenye alama za vidole vyake. Nimeapa pale pale, mlangoni pa kanisa, na Telesfori akiwa shahidi.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetafakari tangu asubuhi. Nyuzi hazina kosa, zimetoka Dar. Denis hana kosa. Mimi nimejichunguza kwa unyenyekevu, sikuona kitu. Ni gitaa lenyewe lililopungukiwa inchi nne, na marehemu, Mungu amrehemu, hakuwahi kupata mtu wa kumsaidia.

Saa nne nimelipeleka kwa Polycarpe, seremala. Anao mninga mkavu. Amesema akiikata shingo pale katikati, kipande cha kuongezea kitaingia bila shida. Nimemwambia aanze.