Magauni ya Wanasesere na Kanzu ya Ijumaa

Jumanne, 6 Januari

Vita vimeanza! Bi Zuleikha wa Mpendae, bibi wa pili wa wajukuu zangu, kawanunulia Yusra na Tamima wanasesere wapya. Wazuri, sikatai. Lakini kila mmoja kaja na nguo moja tu, tena mapaja nje! Nikaona njia. Nimewaahidi wajukuu magauni ya heshima, ya kushonwa kwa mkono wa bibi yao. Jumamosi watayafuata. Sijashika sindano tangu skuli. Si kitu.

Jumatano, 7 Januari

Sokoni Darajani vitambaa vyote vya kung'ara, vinawasha kwa kuvitazama tu. Nikarudi mikono mitupu, nikafungua kabati. Kanzu ya Ijumaa ya mume wangu, Mzee Mcha! Pamba laini, nyeupe kama tui. Mcha mfupi, kanzu ndefu. Kidogo tu chini, hatojua. Nikakata. Upande mmoja ukapanda juu, nikasawazisha. Wa pili ukapanda, nikasawazisha. Nshapata kitambaa cha kutosha. Hata kimezidi.

Alhamisi, 8 Januari

Nimeshona kutwa. Vipimo sikuchukua, wanasesere wako kwa wenyewe. Lakini jicho langu ni futi. Vidole vimekuwa chujio. Jirani yangu Mwatum kaja kuchungulia, kauliza mbona shingo za magauni nyembamba. Nikamwambia ndio mtindo.

Ijumaa, 9 Januari

Mcha kavaa kanzu. Imekomea kwenye miundi! Kajitazama kiooni, kaniuliza kama yeye karefuka. Nikamwambia pamba hurudi ikifuliwa. Kenda msikitini vivyo hivyo, miye nikabaki nikivuta uradi.

Karudi uso unameremeta! Sheikh Muhiddin kamshika mkono mbele za watu, kamsifu kwa kufuata Sunna ya kanzu fupi, wenzake wakifagia njia kwa kanzu zao. Sasa Mcha anataka kanzu zote zipunguzwe. Nikasema nitajitolea. Biriani ya leo ilikuwa tamu ajabu.

Jumamosi, 10 Januari

Wajukuu wamekuja, na Bi Zuleikha nyuma yao, kaja kushuhudia. Gauni la kwanza halikupita. Wanasesere wale vichwa kama madafu! Tamima akavuta, kichwa kikang'oka. Kilio! Bi Zuleikha akasema, kwa sauti ya asali, kuwa kwake ana cherehani. Nikatamani ardhi inimeze.

Kumbe Yusra keshamkamata paka wangu, kamvisha gauni la pili. Limemkaa! Paka akapanda ngazi taratibu, akageuka kututazama kama bibi harusi anayeoneshwa. Tamima akaacha kulia, akacheka mpaka kwikwi. Bi Zuleikha naye akacheka, akajisahau, akamaliza sahani nzima ya visheti vyangu. Kisha akakirudisha kichwa cha mwanasesere mahala pake kwa pigo moja. Nikamwambia ahsante. Ilitoka kwa shida, lakini ilitoka. Wakati wa kuagana, wajukuu walinikumbatia miye kwanza. Niliangalia.

Jumapili, 11 Januari

Asubuhi kaja Mwatum, kachanganyikiwa. Binti yake Sumaiya anaolewa kabla ya Ramadhani, na fundi wao wa gauni kawakimbia. Kauliza kama namjua fundi mwengine. Nikamwambia ahangaike kwa nini, na miye nipo? Kauliza nnakwenda lini kumpima binti.

Nimecheka! Nshamwona juzi akipita uchochoroni. Yatosha.