Mimi na Ukuta Unaojijenga Wenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mama Mkurugenzi ametuita chumba cha mkutano. Jumamosi saa nne asubuhi tunaanza kuuza tiketi za fainali kwenye tovuti yetu. Mwaka jana siku kama hiyo wahuni walituletea maombi ya uongo ya kufungua ukurasa maelfu kwa maelfu, tovuti ikaelemewa, ikalala saa mbili nzima. Mashabiki walitutukana mpaka ukoo. Safari hii, amesema, atakayeilinda isianguke ndiye mkuu mpya wa kitengo chetu cha kompyuta.

Mkuu wa kitengo! Miaka tisa naisubiri nafasi hiyo. Chumba chake kina dirisha, na mlango unafungwa kwa ufunguo.

Kitengoni tuko wawili tu, mimi na Miwani. Tunamwita hivyo kwa sababu miwani yake huivaa utosini, machoni hata siku moja. Ana miezi minane kazini, basi! Akasimama akaeleza kwamba ulinzi wote ameuandika kwenye faili: nani azuiwe, akizidisha maombi mangapi, kwa muda gani. Zile kompyuta za kukodi tunazoziita wingu zinalisoma faili na kujijengea ukuta zenyewe. Mama Mkurugenzi akatabasamu. Mimi hajawahi kunitabasamia.

Nikasema ukuta hujengwa na mtu. Mhasibu akapiga chafya.

Jumanne, 4 Machi

Nimejenga ukuta wangu. Kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, kubonyeza mara thelathini na saba. Ukuta wa haja! Nikaenda kunywa chai kifua mbele.

Narudi, haupo.

Nikajenga tena. Saa moja baadaye umefutika. Mara ya tatu, vilevile. Hapo nikajua kuna mkono wa mtu, nikapanda moja kwa moja kwa Mama Mkurugenzi kushtaki hujuma. Miwani akaitwa. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba kila saa mtambo unalinganisha kilichopo na kilichoandikwa kwenye faili, na kisichoandikwa unakiondoa. Nikitaka ukuta wangu ubaki niuandike tu humo, na mwenzangu mmoja ausome na kuukubali. Mama Mkurugenzi akaniuliza kama sikuwepo Miwani alipoeleza jana. Nilikuwepo. Nilikuwa nachora mlango wenye ufunguo.

Mwenzangu mmoja! Yaani nimpelekee Miwani kazi yangu aisahihishe kama daftari la mtoto? Thubutu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata wazo. Tena wazo lenyewe limenijia nikipiga mswaki, na mawazo yangu ya mswaki hayajawahi kuniangusha.

Nahitaji shambulio. Dogo tu, la heshima. Tovuti ikianza kuyumba, mimi nanyanyuka mbele ya wote, nabonyeza kitufe, naokoa jahazi. Shangazi yangu anaendesha chuo cha ushonaji chenye wanafunzi arobaini, na kila mmoja ana simu. Nimemwomba kesho saa tano kamili wote wafungue ukurasa wetu upya na upya bila kupumzika. Akauliza faida yake nini. Nikamwahidi kwamba Jumamosi atapata tiketi mbili za fainali bila taabu. Akasema mwanangu, kwa hilo nitawasimamia mwenyewe.

Nimemsimulia mke wangu. Amesema nimwache shangazi wa watu ashone. Wanawake hawa hawana maono.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tano kamili nikasimama. Nikavuta pumzi. Nikapaza sauti: Tulieni, nimewadhibiti!

Ofisi nzima ikanigeukia. Mhasibu akauliza nimemdhibiti nani. Nikatazama kioo cha kompyuta. Tovuti inakwenda kama kawaida. Ukuta wa Miwani uliwafungia mlango wanafunzi arobaini ndani ya sekunde kumi na moja, wala haukupiga hata kengele. Nikasema nilikuwa nazungumza na mafua yangu. Nikaketi. Masikio yaliwaka moto.

Saa sita Shangazi kapiga simu. Chuo chake kimefungiwa siku tatu! Hata tovuti hawaioni, na tiketi ni keshokutwa. Alinipa maneno ambayo sitayaandika hapa kwa heshima ya marehemu baba. Nikamfungulia haraka kwa mkono. Saa saba mtambo ukamfungia tena. Nikamfungulia. Saa nane, tena. Saa tisa nimezima simu.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa nimekaa nikafikiri kama mtu mzima. Tatizo si ukuta. Tatizo ni Miwani. Kesho saa nne yeye asipoweza kuingia, nani atabaki kulinda tovuti? Mimi!

Alipokwenda kunywa chai nikaketi kwenye kiti chake, nikatafuta anwani ya mtandao ya kompyuta yake, nikainakili. Inafanana na yangu. Sikushangaa, tunakaa jirani. Nikaiandika kwenye faili, safari hii kwenye faili lenyewe, katika orodha ya wanaozuiwa, ianze kazi kesho saa nne kasoro dakika tano. Kuhusu mwenzangu wa kusoma na kukubali: kanuni haisemi awe nani. Nikampelekea mhasibu. Akasoma mara mbili, akasema tarakimu zimepangwa vizuri, akakubali.

Mke wangu kashangaa nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Ee Mola wangu.

Saa nne kasoro dakika tano kompyuta ya Miwani ikakata mawasiliano na tovuti. Nikajikaza nisicheke. Ikakata ya mhasibu. Ikakata yangu. Mama Mkurugenzi akatoka chumbani kwake anapiga kelele kwamba tovuti imeanguka. Kumbe ofisi nzima tunatoka kwenye mtandao kwa anwani moja! Nimetufungia nje sote, mpaka mpokea wageni.

Kijasho kikanitoka. Nilibonyeza kila nilichoweza, na kila mlango uliniambia sina ruhusa. Nusura nilie, nakiri. Miwani akazima Wi-Fi ya ofisi kwenye kompyuta yake, akatumia intaneti ya simu, akashusha miwani machoni kwa mara ya kwanza, akafuta mstari mmoja. Dakika nne.

Hapo ndipo tukaona kwamba tovuti haikuanguka hata kidogo. Wahuni walikuja kweli, wengi kuliko mwaka jana, ukuta ukawarudisha wote. Tiketi zikaendelea kuuzwa. Waliofungiwa ni sisi na Shangazi tu.

Mama Mkurugenzi akauliza nani kaandika mstari ule. Nikafungua mdomo kusema hawa wahuni siku hizi wajanja. Miwani akageuza kioo. Faili linaweka kumbukumbu ya kila mstari, na pale palikuwa na jina langu, la baba na la babu, saa na dakika, na jina la mhasibu chini yake.

Miwani ndiye mkuu wa kitengo. Nimempa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu, wangu umelowa. Imeniuma, sitasema uongo.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi mpya hana kinyongo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Amenipangia kujifunza kuandika mafaili, siku nzima, na kanisifu kwamba nashika haraka. Ni kweli nashika haraka. Kufikia saa nane nimeshaelewa kosa langu lilikuwa wapi.

Hila zangu zote nilikuwa nazifanya kwa mkono! Ukuta kwa mkono, Shangazi kwa simu, anwani kwa kuvizia kiti cha mtu. Hila ya mkono mtu anachoka, anasahau, anatoka jasho. Lakini hila iliyoandikwa kwenye faili inajiendesha yenyewe, kila saa, na mtu akiiondoa inarudi.

Nimefungua faili jipya. Nimeliita Mpango wa Dirisha. Miwani amepita akaniona ninavyoandika kwa bidii, akaniambia amefurahi kwamba nimejifunza.