Mashua Yenye Miguu

Jumatatu, 3 Agosti

Haya, umefika! Najua ni wewe, kitindamimba wangu, unayefunua godoro la mama yako kusoma daftari lisilokuhusu. Tangu lini hujakanyaga hapa? Paka wa jirani ananitembelea zaidi kuliko wewe. Nawa mikono, kaa chini, usome jinsi ulivyoniacha vitani peke yangu.

Vita ni hivi. Shule zinafungwa Ijumaa. Mjukuu wangu Sisimizi, mtoto wa dada yako, atakaa likizo kwa bibi mmoja tu. Ama mimi, ama mama wa shemeji yako, yule Bi Tausi anayetembea kama barabara kaizaa yeye. Mtoto kaulizwa anataka kwenda kwa nani. Kajibu: kwa bibi mwenye mashua ya mti. Inayosukumwa na upepo, yenye tanga la kitambaa, kama ile aliyoiona kwa daktari wa meno. Hata kamba za viatu hajui kufunga, lakini anatoa masharti kama mwenye nyumba!

Bi Tausi kakimbilia dukani, kanunua ya betri. Inawaka taa, inalia kama mbuzi mwenye njaa. Sisimizi kasema hii siyo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha mdomo huu, mdomo huu! Nikatangaza mbele ya wote kwamba mimi ninayo, imo kabatini.

Kabatini mna mablanketi.

Jumanne, 4 Agosti

Nimezunguka maduka yote. Plastiki, plastiki, plastiki. Muuzaji mmoja kaniambia hayo ni mambo ya kale, bibi, watoto wa siku hizi wanataka simu. Nikamwambia hata yeye ni wa kale, ila hajaambiwa.

Ndipo akili ikanijia. Mashua si iko kwa daktari wa meno? Nitaingia kama mgonjwa, nimlainishe, aniuzie. Nikajifunga kitambaa shavuni. Nikaugua vizuri. Nikaugua vizuri mno! Kabla sijafika kwenye habari za mashua, sindano imeshaingia, ulimi umekufa ganzi. Nikamnyooshea kidole rafu yenye mashua. Kasema ndiyo, mama, koleo liko palepale, usiwe na haraka.

Jino zima! Lililokuwa likivunja mifupa! Ulimi ulipofufuka nikamuuliza bei ya mashua. Haiuzwi, kasema, ni kumbukumbu ya baba yake. Nikarudi nyumbani na jino kwenye leso.

Jumatano, 5 Agosti

Nimekwenda kwa fundi wa vitanda anichongee mashua. Shavu limevimba, nusu ya maneno nimeyasema kwa mikono. Kasema nikalale, kazi yake naijua. Kweli naijua. Kitanda unachokisomea ni chake, na hakijawahi kulia.

Tanga nimelishona mwenyewe. Nimelikata kwenye shati lako jeupe ulilolisahau hapa. Ungekuja kulichukua, lingekuwa bado shati.

Ijumaa, 7 Agosti

Mashua imekuja. Nzuri! Imechongwa, imepigwa vanishi, unajiona sura. Ina mlingoti. Ina miguu minne.

Miguu! Nikamuuliza fundi, wapi umeona chombo cha majini chenye miguu? Kasema, mama, kila nilichotengeneza maisha yangu kina miguu, na hakuna kilichoanguka. Tena mirefu nimeweka makusudi, kwa ajili ya mtoto. Anajisifu mbele yangu!

Nikaitia kwenye beseni la kufulia. Ikapinduka, miguu juu kama mende. Nikaiinua. Ikapinduka. Nikaipakia jiwe. Ikazama. Nikaigombeza. Ikapinduka. Kesho mtoto anakuja, na anayemleta ni nani? Bi Tausi. Kajitolea mwenyewe. Anakuja kula aibu yangu kwa kijiko.

Jumamosi, 8 Agosti

Sisimizi kaiweka majini kwa mikono miwili, kama anaweka yai. Ikapinduka. Hakulia, afadhali angelia. Kasema tu labda mashua imechoka, bibi. Moyo wangu ukakatika vipande.

Nikamgeukia Bi Tausi nimjibu kabla hajacheka. Hakucheka. Alikuwa anavua bangili. Kaomba kisu na uzi mnene. Kumbe baba yake alikuwa akiwachongea mashua hizi walipokuwa wadogo! Kang'oa miguu yote minne. Miwili kailaza kukatiza mashua. Miwili mingine kaifunga kwenye ncha za ile, mmoja huku, mmoja kule, ikalala juu ya maji kama mikono ya mtu anayejishikilia asianguke. Yeye anafunga, mimi nimeshika. Kasema shika, bibi mwenzangu, hicho si kichanga. Nikamwambia kaza basi, unabembeleza uzi?

Sisimizi akavuta pumzi, akapuliza. Shati lako likajaa upepo. Mashua ikakata beseni mpaka ng'ambo, wima! Mtoto kapiga kelele nyumba nzima. Nilikuwa na kitu jichoni. Bi Tausi naye alikuwa nacho.

Kisha Sisimizi katoa hukumu. Mashua ni ya mabibi wawili, kwa hiyo mabibi wawili watakaa nyumba moja, likizo yote. Nyumba hii.

Jumapili, 9 Agosti

Bi Tausi anakoroma. Kachukua upande wa ukutani, upande wangu! Nimewaeleza majirani wote kwamba miguu ile niliiagiza mwenyewe, kwa hesabu. Fundi kanitazama, kaitikia kwa kichwa. Mtu mzuri.

Asubuhi Sisimizi kasema kwa daktari wa meno, kando ya mashua, kulikuwa na ndege ya mbao. Bi Tausi kasema ataitafuta. Kabla hajafunga mdomo, nikatangaza kwamba mimi ninayo, imo kabatini.

Kesho naenda kwa daktari. Meno bado ninayo.

Ukija tena, na uje upesi, lete ndizi zilizoiva sana. Na usivae shati unalolipenda.